Mama anasema ni kazi ya kusubiri watu wafe. Je, nisaini?

*"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 25, naishi Pasua, Moshi, na nimemaliza stashahada ya ustawi wa jamii. Mafunzo kwa vitendo nilifanyia kwenye taasisi ndogo inayowatembelea wazee majumbani kule Kibosho. Sasa wamenipa mkataba wa mwaka mmoja na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Wenzangu karibu wote wamekwenda kwenye miradi ya watoto, ambako ndiko kwenye fedha. Mama yangu anasema kazi ya wazee ni kusubiri watu wafe, na kwamba nitazeeka kabla ya umri wangu. Mimi niliifurahia, lakini bibi mmoja niliyemzoea alifariki nikiwa bado kwenye mafunzo, nikalia wiki nzima hadi nikaona labda sifai. Watu husema kazi hii ina baraka. Naomba kujua, baraka hiyo ni kitu halisi au ni maneno ya kuwatuliza watu wanaolipwa kidogo? Nijibu bila kunibembeleza."*

Marahaba, mwanangu. Naona maswali matatu ndani ya barua yako: kama furaha uliyoionja ni ya kweli, kama machozi yako yanaonyesha kuwa hufai, na kama usaini. La kwanza ndilo zito, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Furaha ya kazi hii ni kitu halisi. Tatizo ni kwamba vijana wengi wanaitafuta mahali isipokuwepo. Mtu anaingia akitarajia shukrani: bibi amwekee mkono kichwani, amwite mjukuu, amwombee. Hayo yapo, na siku yakikupata yafurahie. Lakini yupo babu ambaye hatakuambia asante mpaka mwisho. Yupo bibi mwenye ugonjwa wa usahaulifu ambaye atakuita mwizi wa khanga zake mbele ya majirani. Kuna siku ya mvua utapanda huko juu kwa bodaboda, tope mpaka magotini, ukute mlango umefungwa kwa makusudi. Anayeishi kwa shukrani za wazee huishiwa mapema sana. Niliowaona wakidumu, hospitalini na vijijini, wanafurahia jambo jingine kabisa: kumwona mtu ambaye kila kitu kilikuwa kinaamuliwa na wengine akirudi kuamua mambo yake mwenyewe.

Nikupe mfano, nikiwa nimebadilisha mambo kadhaa ili mwenyewe asitambulike. Babu mmoja wa miaka themanini na kitu, kihamba chake, yaani shamba la ukoo lenye nyumba yake, kiko juu upande wa Uru. Taarifa iliyoletwa kutoka zahanati ilisema hatumii dawa za presha, ni mkaidi. Binti yake aliyeko Dar alikuwa anapiga simu kila jioni, na kila jioni wanagombana. Dada wa kazi akasema amekuta vidonge vimetupwa migombani. Kila mtu alishahukumu: ama ni ukaidi, ama ni usahaulifu.

Afisa wetu, msichana wa umri kama wako, alipofika hakuuliza habari ya dawa. Aliomba kutembezwa. Babu akachukua fimbo yake, akamwonyesha migomba, mibuni michache iliyobaki, ng'ombe mmoja zizini. Mwisho wakafika chooni. Choo kilikuwa chini ya mteremko, ngazi za udongo zinazoteleza, hakuna hata mti wa kushika. Msichana akasimama pale, akauliza: "Babu, usiku unashukaje hapa?" Babu akanyamaza kwanza. Kisha akasema alishaanguka, na hajamwambia mtu.

Kumbe kidonge kimojawapo kilikuwa cha kuongeza mkojo. Alikuwa anapewa jioni, kwa sababu simu ya Dar huja jioni na dada wa kazi hukumbushwa wakati huo. Usiku anaamka mara nne, gizani, kwenye tope. Na alijua kwamba siku akisema ameanguka, watamhamishia Dar. Basi akapima mwenyewe: bora presha kuliko kuvunjika nyonga au kuhamishwa kutoka nyumbani kwake. Unaweza kutokubaliana na hesabu yake, lakini ilikuwa hesabu ya mtu mwenye akili timamu.

Tabibu akahamishia kidonge asubuhi. Kijana wa jirani akafunga mti wa kushikia, ikapatikana ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya usiku. Halafu, na hapa ndipo ustawi wa jamii ulipofanya kazi yake hasa, msichana akaitisha kikao kwa simu, babu akiwa ameketi pale pale na simu imefunguliwa sauti. Akamwacha babu aseme mwenyewe kwamba hataki kwenda Dar, na kwa nini. Binti alilia. Walikubaliana nini kifanyike akianguka tena, nani aitwe kwanza, na ni hali gani itamfanya babu akubali kuhama. Dawa zikaanza kunywewa. Babu hakumshukuru afisa, alimwambia tu kwamba ameharibu asubuhi yake. Lakini msichana yule alirudi ofisini uso unang'aa, na sijamsikia mpaka leo akiuliza kama kazi hii ina maana.

Kwa nini inakuwa hivyo? Mwili wa mzee haurudi ujanani, hilo tunalijua wote. Lakini tofauti kati ya maisha anayoishi mzee na maisha ambayo angeweza kuishi mara nyingi haitokani na mwili peke yake. Inatokana na choo, miwani, nauli ya kwenda kliniki, ugomvi wa mpaka wa shamba, alama za vidole zilizofutika kwa miaka ya jembe hadi mashine inazikataa. Ukikigusa kimoja tu, maisha yanabadilika, na unayaona yakibadilika mwezi huo huo. Anayefanya kazi na watoto anapanda mbegu ambayo pengine hataiona ikizaa. Wewe utamwona bibi aliyekuwa anaongozwa mkono kwa miaka, kumbe ni mtoto wa jicho, akifanyiwa upasuaji na kurudi kuchambua mchele wake mwenyewe. Utamkuta babu anayedhaniwa amepungukiwa akili, kumbe masikio yamejaa nta.

Utakutana pia na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na hii nakuomba uishike vizuri, kwa sababu inatibika na bado inaachwa. Mzee ameacha kula, ameacha kwenda jumuiya, anaamka saa tisa usiku na kukaa, anasema "mimi nasubiri siku yangu tu". Familia inasema ni uzee. Uzee haumfanyi mtu aache kupenda alivyovipenda. Mpeleke akaonwe na mtaalamu. Ukiona mtu amerudi kutoka huko, ameanza tena kumgombeza jogoo wake, utaelewa ninachokuambia.

Kuna faida nyingine, ambayo nadhani wewe umeshaionja bila kuitaja. Wazee watakusimulia. Watakusimulia jambo lile lile mara tano, na wenzako watakuambia huo ni upotezaji wa muda au dalili ya akili kuchoka. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mzee kurudia maisha yake ya nyuma ni shughuli ya kawaida ya nafsi inayojua kwamba mwisho unakaribia: anayapitia upya, anapima, anatafuta kupatana na yaliyomuuma. Anayeketi na kusikiliza anamsaidia kazi hiyo. Nimeona mama mmoja wa Old Moshi akisimulia mwaka bei ya kahawa ilipoporomoka na mumewe akang'oa mibuni, na kila akisimulia anasogea hatua moja mbele, mpaka siku alipofika kwenye jambo lenyewe: alikuwa hajamsamehe mume kwa kuuza ng'ombe aliyepewa na baba yake. Mume alishafariki miaka mingi. Alipolisema, aliomba apelekwe kaburini, hapo hapo kwenye migomba. Mambo haya yanamjenga na anayesikiliza. Nimeona vijana wakibadilisha namna wanavyoishi na wazazi wao baada ya mwaka mmoja tu wa kusikiliza.

Hata usahaulifu haufungi mlango. Ninyi mlioko kati ya Moshi na Arusha mna bahati, kwa sababu utafiti muhimu kuhusu ugonjwa huu vijijini umefanyika hapo jirani, wilaya ya Hai. Matokeo yaliyochapishwa 2013, kutoka kwa wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, yalionyesha kwamba takribani 6.4 katika kila 100 walikuwa nao. Baadaye, Hai hiyo hiyo, wazee 34 wenye ugonjwa huo walikutanishwa katika vikundi vidogo, vikao 14, mara mbili kwa wiki, kwa mazungumzo na shughuli za kuamsha fikra. Kufikiri kwao kuliboreka, wasiwasi na tabia zinazosumbua vikapungua. Hakuna aliyepona, na usimwahidi mtu uponyaji. Lakini mazoezi yenyewe hayahitaji mashine wala dawa ya bei kubwa, na mtu aliyefundishwa vizuri anaweza kuyaendesha kijijini.

Sasa mama yako. Hajakosea kila kitu, na usimjibu kana kwamba amekosea. Vifo vitakuwepo. Ila "kusubiri" ndiko kusikokuwepo. Mzee kwa sera yetu ya taifa ya mwaka 2003 ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wa miaka 60 wengi wao bado wanapalilia. Wengi utakuwa nao kwa miaka. Na kwa wale walio mwishoni kweli, bado kuna kazi ya kufanya: kutuliza maumivu, kumaliza ugomvi wa urithi akiwa hai, kumwita mtoto aliyekatiana naye mawasiliano. Waliofanya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kama wale wa Hospitali ya Selian Arusha, watakuambia hivyo hivyo. Nahisi pia mama anaogopa jambo jingine, kwamba utakuwa maskini. Hofu hiyo izungumzeni wazi, maana ina msingi, na nitaifikia.

Utasikia na hoja nyingine hapo mjini: "Wazee wa Uchaggani wana watoto wenye uwezo, wanahitaji nini?" Nenda Desemba utaona magari yamejaa mpaka barabarani. Nenda Februari, ukute mama wa miaka 78 anamgeuza kitandani mume aliyepata kiharusi, peke yake, na simu ina fedha lakini hana wa kumtuma dukani. Watoto hao si wabaya. Wako mbali, na hawaoni kinachoonekana ukifika mlangoni. Tena wapo wasio na wa kuwatumia chochote. Zanzibar ilianza pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na kuendelea Aprili 2016. Huku Bara, mzee ambaye hakuwahi kuajiriwa hana pensheni ya namna hiyo. Anategemea watoto, shamba, na kama kaya yake imo, TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza yamo kwenye sera, lakini dirishani mzee anaulizwa uthibitisho, na utaratibu wenyewe unabadilika kutokana na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Kuujua ulivyo leo, na kumfikisha bibi dirishani akiwa na karatasi sahihi, ni sehemu ya taaluma yako kama ilivyo kusikiliza.

Kuhusu machozi. Ulimzoea mtu, akafa, ukalia wiki nzima. Huo ni msiba, nao unapita kama misiba inavyopita. Ningekutilia shaka kama usingehisi chochote. Natumaini uliruhusiwa kwenda mazikoni. Kama hukwenda, nenda hata sasa ukaione familia. Wapo wasimamizi wanaofundisha kwamba mtaalamu hahudhurii misiba ya wateja wake. Mimi sikubaliani nao, hasa huku kwetu, ambako kutokwenda ndiko kunakovunja uhusiano na familia.

Jambo la kuogopa ni jingine, uchovu wa kazi, nao hauji kwa machozi. Huja kwa ukavu. Simu ikiita unachukia kabla hujaipokea. Unaanza kuwasema wazee vibaya ofisini. Unaandika kwenye daftari umemtembelea mtu ambaye hukumtembelea. Usingizi haupo, au Jumapili jioni tumbo linakuuma kwa sababu kesho ni Jumatatu. Dalili hizi zikiendelea wiki mbili au zaidi, au ukijikuta unawaza kwamba ni afadhali usingekuwepo, hilo la mwisho hata kama ni siku moja tu, usijitibu kwa maombi peke yake wala kwa ushauri wangu wa maandishi. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi kwa ninyi wa Moshi, Mount Meru kwa walioko Arusha, uulizie huduma ya afya ya akili. Ukikaa karibu na KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda hapo Moshi, nenda huko.

Kinga kubwa ya ukavu huo ni msimamizi wa kitaaluma, mtu mwenye uzoefu unayekaa naye kila baada ya muda mnajadili mzee mmoja mmoja, na unaweza kumwambia "huyu amenishinda" bila kuogopa kufukuzwa. Kinga ya pili ni mipaka. Pokea ndizi na mayai, kukataa ni kumdharau mwenye nyumba, lakini ofisi ijue. Fedha usipokee. Usikubali kuwa shahidi wa wosia, usishike kadi ya benki ya mzee, usiahidi kuja kila siku. Na ukikuta mzee anapigwa, ananyimwa chakula, au mjukuu anachukua pensheni yote, usilibebe peke yako: mpelekee msimamizi wako na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na pakiwa na ukatili nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Basi, usaini? Umesema nisikubembeleze. Baraka hailipi kodi ya nyumba. Nimeona vijana wenye moyo mzuri wakiondoka kwa sababu nauli ya kwenda kwa wazee ilitoka mfukoni mwao. Waulize, kabla ya mwisho wa mwezi na kwa maandishi: nauli inalipwa na nani, nitakuwa na wazee wangapi, msimamizi wangu ni nani na amesomea nini, je, michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapelekwa, mshahara unatoka kwa mfadhili yupi na ufadhili wake unaisha lini. Wakijibu vizuri, mimi ningekushauri uuchukue. Mwaka mmoja wa kutembelea majumba utakufundisha kusoma nyumba na familia kwa namna ambayo darasa haliwezi, na ujuzi huo unahamishika: wodi za hospitali, tiba shufaa, hata watoto, maana huku kwetu watoto wengi wanalelewa na bibi. Wakati huo endelea kuomba nafasi za serikali zikitangazwa kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na fikiria shahada baadaye.

Wakikwepa swali la msimamizi, kataa, hata kama mshahara ni mzuri. Wakikwepa la nauli, wape nafasi ya pili ya kujibu. Na kama moyo wako, ukiuliza kwa utulivu, uko kwa watoto, nenda kwa watoto bila kujiona msaliti. Wazee wanahitaji aliyetaka kuja.

Mkataba wenyewe usiusaini siku unayokabidhiwa. Omba nakala, uende nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako au kwa mwalimu aliyekusimamia chuoni, akusomee vipengele vya kuvunja mkataba na vya likizo. Ukiweza, nenda na mama yako Kibosho siku moja mkamtembelee mzee mmoja, kwa idhini ya mzee huyo na ya taasisi, kabla hujatoa jibu.